Akiba ya Mtoto Singida Huanza Siku ya Kuuza Mavuno

Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Kwa sababu hiyo, kaya nyingi zinazotegemea alizeti, mtama na mazao mengine ya shamba hupokea sehemu kubwa ya fedha zao kwa wakati mmoja, baada ya mavuno. Mahitaji ya watoto hayafuati kalenda hiyo. Shule hufunguliwa Januari, wakati ghala linaelekea ukingoni na mazao mapya bado yako shambani.

Serikali ilianza kutoa elimu bila ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo, sare, madaftari, viatu na nauli hubaki kuwa jukumu la mzazi. Familia isiyo na akiba hulazimika kuuza mbuzi kwa bei ya hasara au kuangukia mikopo inayofahamika mitaani kama "kausha damu". Deni hilo hulipwa kwa mavuno yanayofuata, na mwaka mwingine huanza bila akiba.

Njia ya kuuvunja mzunguko huo ni kutenga akiba siku ileile mazao yanapouzwa, kabla ya matumizi mengine. Anayesubiri kuweka kitakachobaki mara nyingi hukuta hakuna kilichobaki. Watoto wakishirikishwa katika hesabu hiyo, wakaona fungu la chakula, la mbegu, la shule na la akiba, hujifunza mapema kwamba fedha hupangiwa kazi kabla ya kutumika.

Kuku kama darasa

Singida inajulikana kwa kuku wa kienyeji, na mfugo huo unaweza kuwa somo la kwanza la uwekezaji. Mtoto akipewa mtetea wake na daftari, ataandika mayai yaliyotagwa, vifaranga waliokua na fedha zilizopatikana. Akila mayai yote, hatapata vifaranga. Akiacha baadhi yaatamiwe, mali huongezeka. Vilevile atajifunza kuhusu hasara, kwa kuwa ugonjwa wa kideri unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ni gharama ndogo inayolinda mtaji, na si busara kuweka mali yote mahali pamoja.

Muda ndio mtaji mkubwa

Kibubu humfundisha mtoto kusubiri, lakini hakiongezi fedha, na bei za bidhaa zikipanda thamani ya kilichomo hupungua. Hapo ndipo uwekezaji unapohitajika.

Tuchukue mfano wa faida ya asilimia 10 kwa mwaka, kwa ajili ya hesabu tu na si ahadi ya taasisi yoyote. Mzazi wa kwanza anatenga shilingi 120,000 kila mwaka tangu mtoto anapozaliwa. Mzazi wa pili anaanza mtoto akiwa na miaka tisa, na ili kufidia muda uliopita anatenga shilingi 240,000 kila mwaka. Mtoto anapofikisha miaka 18, kila mmoja atakuwa ametoa shilingi 2,160,000. Faida ikiachwa izalishe faida nyingine, wa kwanza atakuwa na takribani shilingi milioni 5.47, na wa pili takribani milioni 3.26. Tofauti hiyo imeletwa na miaka tisa ya mwanzo.

Mahali pa kuweka

Kwa fedha zitakazohitajika Januari, akaunti ya benki au kikundi cha kuweka na kukopa hufaa zaidi. Benki kadhaa zina akaunti za watoto zinazosimamiwa na mzazi, zikiwemo Mtoto Akaunti ya NMB na Junior Jumbo ya CRDB. Vikundi kama VICOBA vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya Mwaka 2018, na husajiliwa kupitia halmashauri. Usajili humpa mwanachama pa kwenda fedha zake zinapokuwa hatarini.

Kwa malengo ya miaka mingi, kampuni ya UTT AMIS, iliyo chini ya Serikali, inaendesha Mfuko wa Watoto, ambapo mzazi au mlezi hununua vipande kwa jina la mtoto. Thamani ya vipande huweza kupanda au kushuka, hivyo fedha za sare ya mwezi ujao hazipaswi kuwekwa huko. Mwenye mtaji mkubwa zaidi anaweza pia kununua hatifungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania.

Kabla ya kutoa fedha, mwananchi anashauriwa kuuliza mambo matatu: nani ameipa taasisi hiyo leseni, fedha zitatolewa lini zikihitajika, na faida inatoka wapi. Anayeahidi faida kubwa kwa muda mfupi bila kueleza biashara yake ni wa kuepukwa.

Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au halmashauri anaweza kueleza taratibu za kusajili kikundi. Wakati mzuri wa kumwona ni kabla ya mavuno, ili fedha ya alizeti ikiingia ikute fungu la mtoto limekwishapangwa.