Kuume ya Nani? Namna ya kuunga na kurusha ndege ndogo ya umeme

Mwaka jana ndugu yetu anayeishi Ubelgiji alitutumia sanduku la katoni. Ndani mlikuwa na ndege ya mfano ya frigoliti yenye mota ya umeme, betri, telekomandi na kijitabu cha maelezo kwa Kifaransa. Wapwa zangu wawili, mmoja wa miaka 12 na mwingine wa miaka 15, walisoma ukurasa wa kwanza wakakifunga. "Mjomba, wewe unasoma lugha. Utuandikie kwa Kiswahili."

Niliandika kurasa nne. Katika safari ya tatu ndege iligonga ukuta wa matofali mabichi, hatua mbili tu na mahali walipokaa watoto wa jirani wakitazama. Bawa lilivunjika, watoto hawakuguswa. Nilimuuliza yule mkubwa kwa nini aliielekeza ukutani. Akanionyesha karatasi yangu: "Uliandika sukuma kuume. Kuume ya nani?"

Swali lile lilinifanya niandike upya kurasa zote nne. Katika makala hii naeleza namna ya kuunga ndege kama ile na kuirusha bila kuumiza mtu, na naonyesha pia mahali ambapo sentensi zangu ziliwapotosha waliozifuata. Anayetafsiri riwaya akikosea, msomaji hukunja uso. Anayetafsiri maelezo ya kazi akikosea, kuna mkono wa mtu unaotekeleza kosa lake.

1. Ndege inayomfaa anayeanza

Vijana hupenda ndege yenye umbo la ndege ya vita. Hiyo ina kasi nyingi na haimsamehi mtu. Ndege ya kwanza iwe na bawa lililowekwa juu ya mwili, na ncha zake mbili ziwe zimeinuka kidogo, kama herufi V iliyofunguliwa sana. Ndege ya namna hii ikiinama upande mmoja, bawa la upande ulioshuka hupata nguvu zaidi ya kuinuliwa na hewa, na ndege hujinyoosha yenyewe. Yetu ina upana wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha.

Inaendeshwa kwa mambo matatu tu: nguvu ya mota, kugeuka, na kupanda au kushuka. Mkiani kuna vibao viwili vinavyochezacheza. Kijitabu kilikuwa na majina yake ya Kifaransa, nami nilipoteza siku mbili nikitafuta majina ya kisomi. Mwishowe niliandika "kibao cha kusimama" kwa kile kinachogeuza ndege, na "kibao cha kulala" kwa kile kinachoipandisha na kuishusha. Mtoto akitazama mkia anaviona mara moja. Kwa kile kinachozunguka mbele ya mota, kamusi zina neno rafadha. Wapwa zangu wanasema elisi. Niliandika yote mawili mara ya kwanza, kisha nikaendelea na rafadha.

2. Kuunga

Anza na mkia. Kibao cha kulala kikae sambamba na bawa, na mkia wa kusimama usimame wima juu yake. Pima kwa uzi: umbali kutoka ncha ya bawa la upande mmoja hadi ncha ya mkia ya upande huohuo uwe sawa na umbali wa upande wa pili. Kabla ya kupaka gundi popote, ijaribu kwenye kipande kidogo cha frigoliti, kwa sababu kuna gundi zinazoila.

Ndani ya mwili wa ndege kuna mota mbili ndogo sana ziitwazo servo. Kila moja huvuta na kusukuma waya unaofika kwenye kibao kimoja. Washa umeme ili servo zikae katikati, kisha funga nyaya vibao vikiwa vimenyooka kabisa. Rafadha isiwepo wakati huu. Rafadha ya inchi 8 inayozunguka mara 8,000 kwa dakika, ncha yake inakwenda kwa kasi inayozidi kilomita 300 kwa saa. Inakata kidole. Kwa hiyo rafadha hufungwa mwisho, baada ya majaribio yote ya mezani, upande wenye maandishi ukitazama mbele.

Bawa letu linashikwa na elastiki. Elastiki hazichubui frigoliti ndege inapoanguka. Bawa huruka pembeni badala ya kuvunjika. Siku ile ya ukuta hata hizo hazikutosha.

Kipimo cha mwisho cha kuunga ni uzani. Weka betri mahali pake ndani ya ndege. Pima upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Kwa ndege nyingi za kuanzia, mahali pa mizani ni kati ya robo na theluthi ya upana huo, kuhesabu kutoka ukingo wa mbele. Kama upana ni sentimeta 20, ni kati ya sentimeta 5 na 6.5 hivi, kijitabu chako kikitaja namba, fuata hiyo. Tia alama kwa kalamu chini ya bawa pande zote mbili, kisha inua ndege kwa ncha za vidole viwili kwenye alama hizo. Ikilala sawa au ikiinamisha pua kidogo, ni vizuri. Ikiinamisha mkia, usiirushe: sogeza betri mbele. Ndege yenye pua nzito huruka vibaya. Yenye mkia mzito haimtii mwendeshaji hata kidogo.

3. Betri

Betri hizi za litiamu ni nyepesi na zina nguvu nyingi, ndiyo maana zinahitaji heshima. Yetu ina seli tatu. Kila seli ina volti 3.7 za kawaida. Ikijaa hufika 4.2 na haipaswi kupita hapo. Isishuke chini ya volti 3, na ni bora kuacha kuruka ikiwa bado na 3.5 hivi. Ujaze kwa chaja yake maalumu inayosawazisha seli, kwa mkondo unaolingana na ukubwa wake: betri ya mAh 1,300 hujazwa kwa ampea 1.3.

Sisi tunaijaza nje, ndani ya chungu cha udongo, na ndoo ya mchanga karibu. Haijazwi usiku watu wamelala, na mtu haondoki ikiwa kwenye chaja. Umeme wetu ukianza kutoka na kurudi, tunachomoa na kungoja. Betri iliyovimba, iliyotoboka au iliyogongwa sana haijazwi tena. Ikiwa ndege haitaruka kwa siku kadhaa, betri iachwe na volti 3.8 hivi kwa kila seli, wala isiachwe imejaa.

4. Sentensi ya kwanza iliyokosea

Kijitabu kilisema, kwa Kifaransa, kwamba kabla ya kuunganisha betri lazima kuwasha telekomandi. Niliandika: "Unganisha betri baada ya kuwasha telekomandi." Kwa sarufi ni sawa, na maana haikupotea. Lakini mpwa mdogo alikuwa akisoma kwa sauti huku kaka yake akifanya. Aliposoma "unganisha betri," mkono wa kaka yake ulikuwa umekwisha kuunganisha. Ndege ikawa na umeme bila mtu wa kuiamuru. Bahati yetu, rafadha ilikuwa bado mezani.

Nilijifunza kwamba katika maelezo ya kazi vitenzi vifuatane kama mikono inavyofuatana. "Kabla ya" na "baada ya" hulazimisha msomaji kupanga upya sentensi kichwani, na mikono haingoji. Kiswahili kina njia nyepesi zaidi: kitenzi, kisha kitenzi. Sasa karatasi inasema hivi:

Shusha kifimbo cha mota hadi chini kabisa. Washa telekomandi. Mtu mmoja ashike ndege kwa nyuma, watu wote waondoke mbele na pembeni mwa rafadha. Unganisha betri.

Mwisho wa safari mambo hugeuka: Shusha kifimbo cha mota. Tenganisha betri. Zima telekomandi.

5. Sentensi ya pili: kuume na kushoto

Telekomandi yetu ina vifimbo viwili. Cha kushoto, kikisukumwa mbele, huongeza nguvu ya mota. Cha kuume hugeuza ndege kikienda pembeni. Kikivutwa kuelekea tumbo lako hupandisha pua, kikisukumwa mbele huishusha. Ziko telekomandi zilizopangwa vingine, kwa hiyo hakikisha yako kwanza. Kijitabu kilisema kifimbo "juu" na "chini". Nilifuta maneno hayo, kwa maana kifimbo kikienda "juu" ndege inakwenda chini. Nikaandika "vuta" na "sukuma".

Tatizo la kuume ni gumu zaidi. Kulia, kuume na kushoto ni maneno ya mikono ya mtu. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Kwa hiyo kila tunaposema kuume, yuko mtu ambaye kuume ni kwake, hata kama hatumtaji. Mabaharia wa Kifaransa walilikwepa tatizo hili kwa kusema bâbord na tribord, pande za meli zisizobadilika hata mtazamaji akisimama wapi. Mimi niliandika tu: "Ukitaka ndege iende kuume, sukuma kifimbo kuume."

Ndege inapoondoka kwako, sentensi hiyo ni kweli. Inaporudi kuelekea kwako, ni uongo. Siku ile ndege ilikuwa ikirudi, na ukuta wenye watoto ulikuwa kushoto kwa mpwa wangu. Alitaka kuipeleka kuume kwake, mbali nao. Akasukuma kuume kama nilivyoandika. Ndege ilitii, ikageuka kuume kwake yenyewe, yaani kushoto kwa mpwa wangu.

Sentensi mpya ni mbili. Ya kwanza: "Kuume na kushoto ni kwa mtu aliyeketi ndani ya ndege akitazama mbele." Ya pili ni ya dharura, nayo haina kuume wala kushoto: "Ndege ikija kwako na bawa moja limeshuka, peleka kifimbo upande unaouona bawa hilo limeshukia, kama unayelitegemeza lisianguke."

Kabla ya kila safari, simama nyuma ya ndege ukitazama inakotazama. Sukuma kifimbo kuume: kibao cha kusimama kiende kuume. Vuta kifimbo: kibao cha kulala kiinuke. Kimoja kikienda kinyume, safari haipo mpaka kirekebishwe. Kisha jaribu umbali: telekomandi nyingi zina kitufe cha kupunguza nguvu, kibonyeze, tembea hatua 30, na vibao viendelee kutii.

6. Siku ya kuruka

Chagua uwanja mpana wenye majani, mbali na nyaya za umeme, barabara na watu. Hapa Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba, asubuhi kabla upepo haujaamka, ni wakati mzuri. Tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko pwani. Ndege inahitaji kasi zaidi kidogo ili ibebwe, kwa hiyo isirushwe kwa woga.

Watazamaji wote wakae nyuma ya mwendeshaji, na jua pia liwe mgongoni kwake. Msaidizi airushe kuelekea upepo unakotoka, mota ikiwa na nguvu zote, mkono ukisukuma sawasawa mbele, si juu. Panda hadi mita 40 au 50, kisha punguza nguvu hadi nusu. Urefu ni akiba: ukikosea, unapata muda wa kusahihisha. Kugeuka ni kusukuma kidogo, kuachia, kungoja. Ndege ikipungua kasi na kuangusha pua, usivute; achia, ongeza nguvu, ipate kasi, ndipo uinyooshe. Ukichanganyikiwa kabisa, punguza nguvu na uachie vifimbo: umbo la bawa litaisaidia kujinyoosha. Ukiona itagonga, zima mota kwanza.

Weka saa ya dakika 6. Teremka kuelekea upepo ukipunguza nguvu polepole, na karibu na ardhi vuta kidogo sana.

7. Ruhusa

Siku hizi, hasa kwa ndugu zetu wa mashariki, kitu kidogo kinachonguruma angani humfanya mtu afikirie droni ya vita. Usirushe karibu na kambi ya askari wala karibu na uwanja wa ndege kama Luano, wala mahali ndege kubwa zinaposhuka. Mwone kwanza mwenye uwanja na shefu wa kartie, umwonyeshe ndege, na uulize sheria inataka nini. Majirani waambiwe pia. Baada ya ukuta ule, mimi na wapwa zangu tulikwenda kwa wazazi wa watoto kuomba radhi, na tungefaa kwenda siku moja kabla.

Karatasi mpya niliijaribu kwa njia moja tu. Nilimpa mpwa mdogo aisome, kaka yake afanye, nami nikakaa kimya kwenye kiti. Kila waliposimama na kunitazama, niliweka alama kwenye sentensi ile. Alama zilikuwa tisa. Nilizisahihisha, tukarudia Jumamosi iliyofuata, na safari hiyo walinitazama mara moja tu: kuniambia nihamie nyuma ya mwendeshaji.