Laptopu imegoma baada ya kuweka mfumo mpya? Soma skrini kabla hujakubali ifomatiwe

Ijumaa jioni rafiki yangu alinipigia simu kutoka Msambweni. Hata salamu hakutoa. "Bro, laptopu imekufa, na picha za harusi zimo ndani."

Jamaa hupiga picha za harusi kwenye hoteli za Diani, na maharusi wake walikuwa wanasafiri Jumapili. Laptopu yenyewe ni ile tunayoiita ex-UK. Aliinunua Mombasa, akavuka nayo feri ya Likoni ameipakata kama mtoto mchanga. Alhamisi alikuwa ameweka Linux Mint kando ya Windows 10, na alikuwa na sababu. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka mashine yenye TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yake ni ya kizazi cha 6.

Alhamisi usiku kila kitu kilikuwa shwari. Ijumaa stima ikapotea, ikarudi, akawasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe: "No bootable device". Yaani mashine haioni pa kuanzia.

Fundi wa kwanza hakuchukua hata dakika mbili. "Diski imeungua, mwanangu. Elfu nne na mia tano nakuwekea mpya." Wa pili alikuwa na bei nafuu na ushauri mbaya zaidi: "Tufomati tu, tuanze upya." Kadi za kamera jamaa alikuwa keshazifuta. (Hilo tuliliongea baadaye, na si kwa upole.)

Tulikutana Ukunda, kwa muuza chai mwenye soketi. Nikamwambia asiguse kitu kwanza. Nikawasha huku nabonyeza kitufe cha kuingia kwenye BIOS, yaani ule mpangilio unaoamka kabla ya mfumo wowote. Kwenye Dell ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1. Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa saa: mashine ilidhani tuko tarehe 1 Januari 2016.

Nikashuka chini kidogo. Diski iliyoungua kabisa kwa kawaida haionekani hapo. Hii ilikuwepo, jina lake na ukubwa wake. Basi fundi wa kwanza alikuwa anakisia. Mstari mwingine ndio uliotoa jibu: namna ya kuwasha ilikuwa "Legacy".

Nieleze hapa, maana hili huwapiga chenga wengi. Kuna njia mbili za kompyuta kuutafuta mfumo. Ya zamani, Legacy, inasoma mwanzo kabisa wa diski. Ya sasa, UEFI, inatafuta kijisehemu maalum cha diski chenye faili za kuwashia. Mfumo uliowekwa kwa njia moja hauonekani ukiutafuta kwa njia nyingine, hata ukiwa mzima kama kigongo. Windows na Mint za jamaa ziliwekwa kwa UEFI. Sasa nani alibadilisha?

Betri. Si ile kubwa ya laptopu, ambayo kwenye ex-UK nyingi imeshachoka pia, bali ile ndogo ya duara kama sarafu, CR2032, inayoshikilia saa na mipangilio stima isipokuwepo. Ikifa, baadhi ya mashine hurudia mipangilio ya kiwandani kila zinapokosa umeme, na kiwanda cha hii kilikuwa kimeiacha kwenye Legacy. Nikarudisha UEFI, nikasahihisha tarehe, nikahifadhi. Menyu ya kuchagua Mint au Windows ikajitokeza. Jamaa alishika kichwa, akacheka, akaagiza chai nyingine.

Kabla hajaimaliza nilimlazimisha anakili picha zote kwenye diski ya nje. Na hata kama tusingeweza kuiwasha, picha zingetoka: flashi ileile uliyotumia kuweka Mint inaweza kuendesha Mint nzima bila kugusa diski, ukafungua faili zako za Windows na kuzinakili, mradi hazijafungwa kwa BitLocker. Hii ndiyo hatua ya kwanza, wala si ya mwisho. Anayekuambia "tufomati" kabla ya kukuuliza una nini ndani, chukua mashine yako uondoke.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni moja: imekwama wapi? Kama hata nembo ya kampuni haitokei, au inalia mlio wa kengele tu, mfumo mpya hauna kosa. Hapo ni ramu, chaji au ubao wenyewe, na hapo fundi ana kazi halali. Nembo ikitokea kisha ikasema hakuna diski, angalia UEFI na Legacy, halafu mpangilio wa kipi kinatangulia. Wengine husahau tu flashi imechomekwa. Ikiwa menyu ya Linux inakuja, unachagua, kisha giza, mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha, hasa mashine zenye NVIDIA. Kwenye menyu ile simama juu ya Mint, bonyeza E, tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda baada ya "quiet splash" uandike nomodeset, kisha F10. Hiyo ni ya mara hiyo moja tu. Ukishaingia, fungua Driver Manager uweke draiva ya NVIDIA yenyewe.

Sisi hatukufika kwenye giza. Tulifika kwenye ukame: hakuna wi-fi. "Tangu jana haikuwepo," akasema jamaa, kama vile ni jambo dogo.

Hapa ndipo watu huzunguka. Draiva ya wi-fi iko mtandaoni, na mtandao unataka wi-fi. Njia ya kutoka iko mfukoni. Chomeka simu yako ya Android kwa waya wa USB (waya wa data, si ule wa kuchaji tu), nenda kwenye mipangilio ya simu, washa kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta inaiona simu kama waya wa mtandao, na kwa kawaida haihitaji draiva nyingine. Ukiwa na bando la kutosha umepona. Ujanja huohuo unasaidia hata kwenye Windows 11 inapokwama kwenye ukurasa wa kukutaka uunganishe mtandao.

Halafu ujue unatafuta nini. Kwenye Linux fungua dirisha la amri, andika lspci. Kwenye Windows nenda Device Manager, kwenye kifaa chenye alama ya mshangao fungua sifa zake, kisha maelezo, kisha Hardware Ids. Utaona VEN_ na herufi nne. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA. Yetu ilikuwa 14E4, Broadcom, ambayo watu wa Linux wanaijua kwa machungu. Kwa Windows, ukishajua modeli ya laptopu, pakua draiva kwenye tovuti ya aliyeitengeneza. Zile programu zinazotangaza kwamba zitakutafutia draiva 37 kwa mpigo, achana nazo. Nyingi zinakuletea takataka, na nyingine hazitaki kutoka tena.

Driver Manager ya Mint ikaipata draiva ya Broadcom. Ikatuomba tutunge nywila fupi, ikasema tuwashe upya. Ikatokea skrini ya buluu ambayo hatukuitegemea, na jamaa akabonyeza haraka kuipita. Wi-fi bado hakuna.

Skrini ile ndiyo kazi yenyewe. Secure Boot ikiwa imewashwa, mashine haikubali draiva ambayo sahihi yake haijaidhinishwa, na ile buluu ndiyo nafasi yako ya kuidhinisha: unachagua "Enroll MOK", unakubali, unaandika nywila uliyotunga. Ukichagua kuendelea tu, draiva imo ndani lakini imefungiwa mlango. Tulirudia zoezi, safari hii polepole. Mitandao ya majirani ikajaa kwenye orodha.

Tahadhari mbili kwa walio upande wa Windows 11, maana maswali haya nayapata sana. Kwenye laptopu mpya za Intel, kuanzia kizazi cha 11, huenda ukaweka Windows na isione diski yoyote. Diski ipo, imejificha nyuma ya kitu kinachoitwa VMD. Tia draiva ya Intel RST kwenye flashi, uielekeze pale inapouliza, au zima VMD kwenye BIOS kabla hujaanza kuweka mfumo. Ukiizima baada ya mfumo kuwekwa, Windows iliyokuwa nzima inaweza kukataa kuwaka. Ya pili ni BitLocker. Ukigusa Secure Boot au mipangilio ya BIOS, Windows inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Kwa kawaida uko kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute na uuandike karatasini kabla ya kugusa, kwa sababu bila ufunguo ule hata fundi bora hakutolei picha.

Jumamosi asubuhi maharusi walipata picha zao. Betri ndogo ilipatikana Ukunda kwa bei ya vikombe kadhaa vya chai, ingawa kwenye laptopu nyingi huja na kijiwaya chake, kwa hiyo fungua uone yako kabla ya kwenda dukani. Saa nayo ilileta vituko: kila akitoka Mint kuingia Windows inaruka saa tatu nzima, kwa sababu Linux huhifadhi saa ya UTC na Windows huhifadhi ya hapa kwetu. Amri moja kwenye Mint, timedatectl set-local-rtc 1, ikamaliza ugomvi.

Kisoma alama za vidole hakijafanya kazi hadi leo. Nimekitafutia draiva ya Linux, haipo. Jamaa anaandika nywila kwa mkono.