Leseni ya programu: Umelipa, lakini umenunua nini hasa?

KATIKA soko la Kambu, Kaunti ya Makueni, kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, saiba si anasa tena. Hapo ndipo mwalimu huchapisha mitihani, mwenye duka hutayarisha ankara, na kijana huwasilisha ripoti yake ya ushuru kwa mtandao kabla ya makataa ya Juni 30.

Tuseme basi kwamba siku hiyo ya mwisho, foleni ikiwa imefika mlangoni, tarakilishi inatangaza kuwa programu iliyomo haijaidhinishwa. Mwenye saiba anashangaa, kwani alilipa. Akiwauliza waliotengeneza programu, anaelekezwa kwa waliotengeneza mashine. Akiwauliza hao, anaambiwa kipindi cha dhamana kiliisha zamani. Akimrudia fundi aliyemwekea programu hiyo, simu haishikwi. Wateja nao wanaondoka, na nauli ya kurudi kesho ni juu yao.

Masaibu ya aina hii huwapata wengi wanaotegemea tarakilishi kujipatia riziki, na chanzo chake ni jambo ambalo wauzaji hawalielezi: anayelipia programu hanunui programu. Hununua leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Ni kama tikiti ya basi. Tikiti hukupa kiti hadi mwisho wa safari. Haikupi basi, wala haikuruhusu kuketisha watu watatu kwenye kiti kimoja.

Leseni hizo zina aina zake. Kwanza kuna ile inayokuja ndani ya mashine mpya. Kwa kawaida, leseni ya Windows ya aina hii hufungamanishwa na mashine hiyo moja. Mashine ikifa, leseni huzikwa nayo. Zaidi ya hayo, anayewajibika kumsaidia mteja ni mtengenezaji wa mashine, wala si Microsoft. Hii ndiyo sababu mwenye kipakatalishi cha mtumba kutoka ng'ambo hujikuta akirushwa huku na huku kama mpira.

Pili kuna leseni inayouzwa peke yake. Hii huweza kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, mradi iondolewe kwenye ile ya kwanza. Tatu kuna leseni ya jumla, ambayo hupewa taasisi kubwa kwa ajili ya mashine zake nyingi. Namba za leseni za aina hii huvuja na kuuzwa kichinichini kwa bei ya kutupa. Mnunuzi hufurahia kwa miezi kadhaa, kisha kampuni huifunga namba hiyo na mashine zote zilizoitumia hukwama pamoja. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Nne ni leseni ya kulipia kila mwezi au kila mwaka. Hapa ndipo kanuni za kugawana huwachanganya watu zaidi. Kifurushi cha familia cha Microsoft 365, kwa mfano, huruhusu hadi watu sita, lakini kila mmoja awe na akaunti yake. Kuandika nywila moja ukutani ili wote waitumie siko kugawana kunakoruhusiwa. Vivyo hivyo, toleo la Office lililoitwa 'Home and Student' la mwaka wa 2010 liliweza kuwekwa katika tarakilishi tatu za nyumba moja, ila si kwa shughuli za biashara.

Sheria ya Kenya inasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huilinda programu ya tarakilishi kama inavyolinda kitabu. Katika kesi iliyofunguliwa mwaka wa 1999, Microsoft iliishtaki kampuni ya Microskills Kenya kwa kuweka programu zake bila leseni katika tarakilishi ilizouza, na Mahakama Kuu ikaipa Microsoft ushindi. Hata hivyo, sheria hiyohiyo inamruhusu aliye na programu kihalali kutengeneza nakala ya akiba.

Mteja naye hakuachwa mikono mitupu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, pamoja na habari za kumwezesha kufaidika nazo. Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 iliongezea haki hiyo nguvu. Anayekuuzia tarakilishi akidai ina programu halali, ilhali sivyo, amekudanganya.

Malalamiko ya wateja huweza pia kuyatikisa makampuni makubwa. Mapema mwaka wa 2013, Microsoft iliifunga leseni ya Office 2013 kwa mashine moja, hata mashine hiyo ikiharibika. Wateja walipiga kelele, na kufikia Machi mwaka uo huo kampuni ililegeza kamba na kuruhusu leseni kuhamishwa.

Hata leseni halali haina msaada wa milele. Windows XP ilikoma kuhudumiwa Aprili 8, 2014. Windows 7 ikafuata Januari 14, 2020. Na Windows 10 Oktoba 14, 2025, ingawa kulikuwa na mpango wa nyongeza wa mwaka mmoja. Programu haizimiki siku hiyo, lakini mianya ya wezi wa mtandao haizibwi tena bure. Mashine nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11, kwa hivyo mwenye saiba hulazimika kununua mashine nyingine au kubadili njia.

Njia hiyo ipo. Linux na LibreOffice hutolewa bure, na leseni zake zinaruhusu kunakili na kugawana. Mwaka wa 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya aina hiyo kwa Kiswahili. Kasoro yake ni kwamba kwa kawaida hakuna kampuni ya kupigiwa simu bila kulipia. Msaada mara nyingi hutoka kwa fundi anayezifahamu au kwa watumiaji wenzako.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji mambo matatu: leseni hii ni ya mashine ngapi, nani atanisaidia ikikwama, na msaada huo utakoma lini? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Muuzaji anayekataa kuyaandika atakuwa amekwisha kukujibu.