Kijana Ashike Mwiko na Kalamu

Mtazame kijana wa miaka 18 aliyeacha shule, akaenda mjini kumchanganyia fundi mchanga na saruji. Jioni anarudi na ujira wake mkononi. Mama anapata chumvi na sabuni, baba anasema, "Sasa huyu amekuwa mtu mzima." Nani atawalaumu? Lakini mtazame tena baada ya miaka 10. Bado anachanganya saruji. Hawezi kusoma ramani ya nyumba, wala kukadiria matofali ya ukuta mmoja, wala kuandika mapatano na mwenye jengo. Fundi ajuaye hesabu humlipa apendavyo.

Wazazi wengi hudhani ya kuwa hapo pana njia mbili tu: ama kijana arudi darasani auache ujira, ama aushike ujira alisahau darasa. Basi sikiliza habari ya mahali walipojaribu njia ya tatu.

Mwaka 1963 katika Serowe, kijiji kikubwa cha nchi ya Bechuanaland, ambayo tangu 1966 huitwa Botswana, Patrick van Rensburg, mzaliwa wa Afrika Kusini, alifungua shule ya sekondari ya Swaneng Hill. Fedha zilikuwa haba, hata wanafunzi wenyewe walishiriki kuyajenga madarasa yao. Lakini waliomaliza shule ya msingi walikuwa wengi kuliko nafasi, na waliokosa nafasi walibaki kuzurura. Ndipo mwaka 1965 alipowakusanya baadhi yao, akaanzisha kikosi cha waashi.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Vijana walijenga majengo ya kweli chini ya fundi. Mwenye jengo alilipa, na fedha hiyo ikasaidia kulipia gharama za mafunzo. Siku nyingi za juma zilikuwa za kazi, na sehemu ndogo ilikuwa ya darasani, kwa hesabu, Kiingereza na masomo mengine. Baadaye vikaja vikosi vya useremala, vya ukulima, vya kutengeneza ngozi na vinginevyo. Kijana aliyefundishwa leo kupima eneo la sakafu, kesho aliikuta sakafu yenyewe ikimngoja. Mwanafunzi wa namna hiyo hana haja ya kubembelezwa asome.

Lakini nisikufiche, mambo hayakwenda laini siku zote. Mwenye nyumba ataka nyumba iezekwe kabla ya mvua, kikosi chahitaji fedha, na siku ya darasa ndiyo ya kwanza kuliwa. Mvutano huo kati ya kazi na masomo ulivisumbua vikosi vya Botswana kwa miaka mingi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye fundo lote: siku ya kusoma isipolindwa, mwanafunzi amekwisha kuwa kibarua.

Kwetu Tanzania milango ipo. Aliyeishia darasa la saba aweza kusoma jioni, akafanya Mtihani wa Maarifa, ule uitwao QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima huwasaidia watu wa namna hiyo. VETA nayo huupima ujuzi mtu alioupatia kazini, akifaulu akapewa cheti. Na tangu Novemba 2021 waliokatisha masomo, hata wasichana waliopata mimba, wameruhusiwa kurudi shuleni.

Umri nao uangaliwe. Sheria ya Mtoto ya 2009 hairuhusu aliye chini ya miaka 14 kuajiriwa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kazi ya migodini, wala ya kubeba mizigo mizito, wala ya usiku.

Kwa hiyo, baba, usimkabidhi mwanao kwa fundi kwa salamu tu. Nenda mwenyewe. Patana naye siku ipi au saa zipi ni za masomo, na ujira ni kiasi gani, mkaandike mbele ya mashahidi. Nawe nyumbani usiuchukue ujira wote. Ada ya mtihani itoke humo kidogo kidogo. (Wapo wazazi wanaomhesabia kijana hata senti ya mwisho, kisha wakashangaa akitoroka.)

Anayesahauliwa kuliko wote ni msichana wa kazi za nyumbani. Huamka kabla ya jogoo, hulala baada ya sufuria ya mwisho. Asome saa ngapi? Mama, kama umempeleka binti yako kwa watu, uliza hilo kabla hajafunga mzigo wake. Na kama binti wa mwenzio yuko jikoni mwako, saa za masomo, tuseme kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, ni wewe wa kumpa.