Kabla hujafungua injini, soma moshi wake

MOSHI ulikuwa mweupe, mzito, na haukutaka kuondoka. Ulitoka kwenye ekzosi ya Land Rover la baba mdogo, ukapanda ukuta wa matofali, ukaenda kutua kwa jirani aliyekuwa akianika mpunga. Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, Makanyagio, Mpanda mjini. Injini iliyonyamaza tangu mwaka 2001 ilikuwa imenguruma kwa dakika tano tu, na watoto waliokuja kushangaa walishaanza kuziba pua.

“Hiyo gasketi,” alisema dereva wa bajaji aliyesimama getini. “Imeungua. Fungueni hedi.”

Wawili watatu wakamuunga mkono. Baba mdogo alikuwa ameshashika simu, anatafuta namba ya duka la spea Dar es Salaam ili atumiwe gasketi kwa basi. Fundi wetu, mzee aliyeanza kushika spana enzi ambazo Land Rover ndilo lilikuwa gari lenyewe huku, akazima injini na kujifuta mikono kwa tambara.

“Weka simu kwanza, mzee mwenzangu,” alimwambia. “Wahenga walisema penye moshi pana moto. Sisi wa gereji tunauliza: moshi wa rangi gani, unanuka nini, na unatoka wakati gani?”

Gari lenyewe ni Series III, lile refu la inchi 109, lenye injini ya petroli ya silinda nne, cc 2,286. Land Rover la kwanza lilioneshwa Amsterdam Aprili 1948, na toleo hili la tatu lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, ndiyo maana lilimaliza masika zaidi ya 20 chini ya mwembe bila kuliwa na kutu. Chasisi ni ya chuma, na hiyo fundi aliigonga kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua, akisikiliza wapi inalia na wapi inajibu kwa sauti ya kitu kilichooza.

Huku kwetu gari hili halikuwa la fahari, lilikuwa la kazi. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita zipatazo 210, ilifikishwa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Lakini ukishateremka kwenye treni, kilichobaki kilikuwa lori, Land Rover au miguu yako. Askari wa wanyamapori wa Katavi, iliyopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, wahudumu wa makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Katumba na Mishamo, mapadri wa Karema, wanunuzi wa tumbaku: wote walihitaji gari lisiloogopa tope jeusi la mbugani.

Kisha hali ikabadilika. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika, spea zikawa za kutafutwa kwa tochi, na Serikali ikafikia kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Land Rover moja likavuliwa gia boksi ili jingine liishi. Baadaye, miaka ya 1990, magari yaliyotumika yakamiminika kutoka Japani, na spea zake zikapatikana kila kona. Baba mdogo naye hatimaye akanunua Toyota, na Land Rover likasukumwa chini ya mwembe “kwa muda.”

Kosa la wengi wanaofufua gari la namna hii ni kuleta betri mpya na kupiga stata hapohapo. Pistoni iliyokaa miaka sehemu moja, ringi zake hushikana na ukuta wa silinda, na stata haina huruma: inaweza kuvunja ringi kabla injini haijapiga hata mara moja. Fundi alifungua plagi zote nne, akamimina kijiko cha oili katika kila tundu, akaondoka. Alirudi baada ya siku mbili, akachomeka hendeli kwenye tundu la bampa na kuisukuma kwa kiganja. Ikagoma. Hakuongeza nguvu. Aliingiza gia ya nne, akatuambia tulitikise gari mbele na nyuma taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mara ya saba au ya nane kikasikika kitu kama kizibo kinachochomoka. Injini ilikuwa imeachia.

Ndani ya ea klina panya walikuwa wamejenga, na humo tulitoa pamba, maganda ya karanga na kipande cha gazeti. Petroli ya zamani ilinuka kama vanishi, ikamwagwa yote, na injini ikapewa petroli safi kutoka kwenye dumu. Jeti za kabureta zilizibwa na utando wa kahawia. Platini za distribyuta zikapigwa msasa laini. Oili na maji vikabadilishwa. Mwisho, Ijumaa jioni, spanaboi wake akajaza mafuta mapya ya breki, kwa sababu gari linalowaka bila breki ni hatari kuliko lisilowaka.

Ndipo Jumamosi likawaka, na moshi ukaja.

Fundi alitufundisha palepale, akiwa amekalia tairi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka asubuhi unapowasha kisha ukakoma, au ukitoka pale unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima mguu ukiwa umeachia, shuku sili za valvu na mahali valvu inapopita. Ukitoka kila unapokanyaga kupanda kilima, shuku ringi. Moshi mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa: choki imekwama, floti ya kabureta inavujisha, au ea klina imeziba. Moshi mweupe mara nyingi ni maji, na hapo ndipo watu hukimbilia gasketi ya silinda hedi.

“Lakini maji yakiungua huwa mvuke,” alisema, “na mvuke hupotea upesi. Huu umekwenda mpaka kwa jirani ukakaa.”

Akafungua kifuniko cha rejeta: maji hayatoi mapovu, wala hayajapungua. Akachomoa dipstiki: oili safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Akaazima geji ya kompresheni. Silinda tatu zilisoma kati ya 120 na 125, ile namba tatu ikasoma 95. Akaongeza kijiko cha oili kwenye hiyo ya tatu, ikapanda hadi 115. Oili imeziba pengo la ringi, alieleza. Ingekuwa valvu, namba isingepanda. Na gasketi ikiungua kati ya silinda mbili, huanguka mbili zinazopakana kwa pamoja. Hapa ilianguka moja peke yake, tena kidogo.

Basi weupe ule ulitoka wapi? Mzee aliweka pua karibu na ekzosi. Harufu ilikuwa tamu kwa mbali, kali ndani ya pua. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye kikopo cha mafuta ya breki kilichojazwa jana yake. Kilikuwa kimepungua upana wa kidole. Tukakagua magurudumu yote manne, hakuna hata tone. Akachomoa paipu inayotoka kwenye busta ya breki kwenda kwenye manifodi. Ndani ilikuwa imelowa.

Busta hufanya kazi kwa sababu injini huvuta hewa iliyomo ndani yake, na nguvu hiyo ndiyo inayomsaidia dereva kukanyaga breki. Mpira wa nyuma wa masta silinda ulikuwa umekauka kwa miaka. Mafuta mapya yakapenya, yakaingia kwenye busta, injini ikayanywa pamoja na hewa na kuyaunguza. Fundi akaziba tundu la manifodi kwa kipande cha mti kilichochongwa, akawasha. Robo saa baadaye weupe ulikuwa umekwisha, ukabaki uzi mwembamba wa bluu kutokana na oili tuliyomimina wenyewe na ile ringi ya silinda ya tatu.

Nilichojifunza ni hiki: moshi ule haukuwa ugonjwa wa injini hata kidogo. Ulikuwa onyo la breki. Tungefungua hedi, tungesubiri gasketi kwa wiki, tungeifunga, na moshi ungeendelea. Siku moja mbele ya kona, baba mdogo angekanyaga breki na kukuta kikopo kikavu.

Limebaki jambo moja la kuangaliwa polepole. Gari hili lilipolazwa, petroli yetu bado ilitiwa risasi, madini yaleyale yaliyoleta reli Mpanda. Petroli hiyo ilikomeshwa nchi za kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Kwenye injini za zamani risasi ilikinga viti vya valvu visilike haraka. Kwa hiyo fundi ameagiza nafasi ya valvu, ambayo inatakiwa kuwa milimita 0.25, ipimwe mara kwa mara.

Mpira wa masta silinda ulifika kwa basi. Jumapili iliyofuata tulikwenda Sitalike na kurudi. Tulipowasha asubuhi kilitoka kimoshi cha bluu, kikakoma kabla hatujatoka mjini.

Wewe uliye na gari limelala uani, likikutolea moshi usiruhusu mtu afungue hedi siku hiyohiyo. Tazama rangi, nusa, angalia unatoka wakati gani, kisha kagua kila kikopo chenye kimiminika, kikiwemo cha breki. Ukaguzi huo haugharimu hata senti.