HITA YA GESI BANDANI: TUCHAGUE YA UKUBWA GANI?



Mvua za vuli hazimwulizi mtu kama karafuu zake zimo jamvini. Mtu amechuma, amechambua, ameanika siku moja, mara wingu limefunga. Karafuu mbichi zikilala zimerundikana huanza kupata joto la ndani na kuchacha. Rangi yake hupauka, na zikija kukauka huwa nyepesi na zimekunjamana, na bei yake hushuka. Ndiyo sababu wengine wetu huziingiza katika banda la gari nyumbani, na sasa wanafikiri kununua hita ya gesi ya kuzikaushia humo.

Mzee mmoja aliuliza, "Banda langu ni la gari moja. Ninunue hita kubwa kiasi gani?" Akajibiwa, "Mzee wetu, tuambie kwanza una karafuu kilo ngapi." Alidhani hakujibiwa, kumbe jibu limo humo humo. Katika nchi za baridi hita hupimwa kwa ukubwa wa banda, kwa kuwa kazi yake ni kuondoa baridi. Kwetu hapana baridi ya kuondoa. Sisi tunaondoa maji, basi hita yetu yapasa ipimwe kwa maji.

HESABU YENYEWE

Karafuu mbichi kilo 3 hutoa kavu kilo 1 hivi. Tuseme una mbichi kilo 90. Zikikauka zitakuwa kilo 30, kwa hiyo maji ya kutoka ni kilo 60. (Tumia mizani, usikisie kwa pishi, maana pishi hujazwa na kila mtu kwa mkono wake.)

Kilo 1 ya maji ikigeuka mvuke hula joto la theluthi mbili za kilowati kwa saa moja. Basi kilo 60 zataka kilowati 40 za saa moja. Lakini si joto lote linalofika kwenye karafuu. Jingine hupotea kwa bati, kwa kuta, kwa dohani, na kwa hewa yenye unyevu inayotoka. Tuhesabu kuwa nusu hupotea, basi tutahitaji 80.

Ukitaka kazi iishe kwa saa 20, gawanya 80 kwa 20, utapata kilowati 4. Kwa kilo 45 mbichi ni kilowati 2. Kwa kilo 180 ni kilowati 8. Ongeza kidogo juu ya hesabu, ili hita isifanye kazi kwa nguvu zake zote usiku kucha. Mwenye kilo 90 na anunue ya kilowati 5.

Hita nyingine huandikwa BTU badala ya kilowati. BTU 3,400 kwa saa ni kama kilowati 1. Hivyo hita ya BTU 17,000 ni ya kilowati 5.

Na gesi je? Kilo 1 ya gesi ya mtungi hutoa kilowati 12 na kitu za saa moja. Basi mzigo wetu wa kilo 90 utakula gesi kilo 6 na ushei, yaani karibu nusu ya mtungi wa kilo 15. Linganisha gharama hiyo na bei ya karafuu kavu kilo 30, uone mwenyewe kama yafaa.

KUBWA MNO, NDOGO MNO

Muuzaji atakuonyesha hita ya BTU 60,000 na kukwambia kuwa itamaliza kazi upesi. Hiyo ni kilowati 17 na zaidi. Karafuu haitoi maji ya ndani kwa kuharakishwa. Ngozi hukauka, ndani hubaki mbichi, na mafuta yenye harufu, ambayo ndiyo mali yetu, huruka na joto. Tundika kipimajoto karibu na karafuu, na joto lisipite nyuzi 50 za sentigredi.

Ndogo mno nayo ina hasara. Banda huwa vuguvugu na lenye unyevu, kama chungu kilichofunikwa, na karafuu huchacha upesi kuliko zingalikaa nje ukumbini.

Tena, hita yoyote ni bure kama hewa haina njia. Toboa matundu chini ya ukuta hewa kavu iingie, na juu karibu na paa hewa yenye maji itoke. Tandaza karafuu nyembamba juu ya chanja, si sakafuni, na uzigeuze mara kwa mara.

HATARI YA ROHO

Hapa tunamwomba kila mwanachama asome mara mbili. Nunua hita yenye dohani ya kutolea moshi nje. Hita isiyo na dohani hurudisha maji bandani: kila kilo 1 ya gesi ikiungua hutoa maji kilo 1 na nusu na zaidi. Na hilo ndilo dogo. Gesi ikiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Mtu husikia kichwa kizito, hulala, asiamke.

Twajua desturi yetu ya kulala na karafuu kwa kuogopa wezi. Hita ikiwaka, mlinzi na alale nje ya banda, mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli. Gari nalo lisiwemo. Mtungi ukae nje, umesimama wima. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hujikusanya chini, kwa hiyo matundu ya chini yasizibwe hata mvua ikipiga. Kila msimu paka maungio ya mpira povu la sabuni. Likifanya mapovu, usiwashe.

Karafuu ikikauka sawasawa, ukiikunja huvunjika mara moja kwa mlio. Pima tena kwa mizani. Kilo 90 zikiwa zimerudi 30, zima hita. Jua likitoka kabla ya hapo, zirudishe jamvini, gesi ibaki kwa siku ya mvua.

Basi, kabla ya kwenda dukani, pima mzigo wako wa siku moja ya uchumaji, fanya hesabu hii kwenye karatasi, na uende nayo. Muuzaji ajibu hesabu yako, usimwachie akuchagulie.