Ligi Inavyopangwa: Kila Timu Ikutane na Kila Timu

Msingi wa ligi ni kwamba kila timu hucheza na kila timu nyingine. Katika mtoano, timu ikifungwa mara moja imeaga mashindano. Katika ligi, pointi zilizopotea leo zinaweza kufidiwa wiki zijazo, na bingwa ni yule aliyekusanya nyingi zaidi msimu mzima. Ligi ya kwanza ya soka duniani ilianzishwa Uingereza mwaka 1888 ikiwa na klabu 12, na mfumo wake ndio unaofuatwa hadi leo.

Idadi ya mechi hupatikana kwa kuzidisha idadi ya timu kwa idadi hiyohiyo ikipungua moja, kisha kugawanya kwa mbili. Timu 16, kama zilivyo katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara, zinahitaji mechi 120 ili zote zikutane mara moja. Kwa kuwa uwanja wa nyumbani una faida yake, timu hurudiana ugenini katika mzunguko wa pili. Hivyo kila timu hucheza mechi 30, na ligi nzima ina mechi 240. Mechi huongezeka haraka kuliko timu: timu nane zinahitaji 56 tu kwa mizunguko miwili. Ndiyo sababu Kombe la Dunia, lilipokuwa na timu 32, liligawanywa katika makundi manane ya timu nne, yakatoa mechi 48. Timu hizo zote zingekutana hata mara moja tu, mechi zingekuwa 496.

Kupanga raundi kuna njia yake ya zamani. Tuseme timu ni sita. Namba 1, 2 na 3 huandikwa mstari wa juu, na 6, 5 na 4 mstari wa chini. Anayetazamana na mwenzake ndiye mpinzani wake. Raundi ya kwanza ni 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Kisha namba 1 hubaki mahali pake, na nyingine zote husogea nafasi moja kwa kuzunguka. Raundi ya pili huwa 1 na 5, 6 na 4, 2 na 3. Baada ya raundi tano, kila timu imekutana na zote. Timu zikiwa witiri, huongezwa namba ya bandia, na anayepangiwa namba hiyo hupumzika.

Ugumu huja kwenye nyumbani na ugenini. Kila timu ingependa kupokezana: leo nyumbani, kesho ugenini. Lakini upokezanaji kamili una namna mbili tu, kuanzia nyumbani au kuanzia ugenini, na timu mbili zenye mpangilio uleule haziwezi kukutana, maana zote zitakuwa nyumbani au zote ugenini siku moja. Kwa hiyo, katika mzunguko mmoja wa timu shufwa, timu zinazoweza kupokezana bila kukatizwa hazizidi mbili. Mpangaji mzuri huzipa klabu zinazotumia uwanja mmoja mipangilio inayopingana. Juu ya hayo kuna safari ndefu, kalenda ya timu za taifa na mashindano ya Afrika, ambayo huzalisha mechi za viporo.

Ushindi huleta pointi tatu, sare moja. Zamani ushindi ulikuwa na pointi mbili. Uingereza ilibadili mwaka 1981 ili kuzipa timu sababu ya kutafuta bao la ushindi, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Pointi zikilingana, ligi nyingi hutazama tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Mwaka 1989 Arsenal na Liverpool zililingana kwa pointi na kwa tofauti ya mabao. Arsenal ikatwaa ubingwa kwa mabao 73 dhidi ya 65. Hispania huanza na matokeo ya timu husika zilipokutana zenyewe.

Udhaifu wa ligi ni mechi za mwisho. Katika mechi ya mwisho ya kundi lao la Kombe la Dunia mwaka 1982, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua matokeo yatakayozivusha zote mbili, kwa kuwa Algeria, iliyokuwa kundi hilohilo, ilikuwa imekwisha kucheza. Bao moja la mapema likatosha, Algeria ikatolewa. Tangu hapo mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja, na ligi nyingi hufanya hivyo katika raundi ya mwisho.

Kushuka daraja nako huzipa timu za mkiani sababu ya kupigana. Tanzania Bara, timu mbili za mwisho hushuka moja kwa moja, na za nafasi ya 13 na 14 huingia mchujo wa kujinusuru, huku timu bora za daraja la chini zikipanda kuchukua nafasi zilizo wazi msimu unaofuata.